Reli za Mawe ya Sabuni

Juzi nilikwenda Kisii mjini kumtembelea mwanangu, nikamkuta mjukuu wangu amelala kifudifudi sebuleni, anaendesha gari la moshi la matofali ya plastiki kwa simu. Kwa simu, rafiki yangu! Anabonyeza kioo, gari linakwenda. Anabonyeza tena, linapiga honi. Nikamwambia, "Hata mimi niliwahi kuunda hilo, na likatembea." Akaniangalia vile watoto wanavyotuangalia siku hizi, akasema, "Nyanya, wacha mchezo." Nikacheka hadi chai ikanimwagikia. Basi kaa nikueleze wewe, maana yeye alisharudi kwenye simu yake.

Ilikuwa miaka ya sabini, kwetu Gesima, nikiwa darasa la sita. Shangazi yangu alikuwa yaya katika nyumba ya meneja wa shamba moja la chai upande wa Kericho. Wazungu wake walipofunga mizigo kurudi kwao, walimwachia sufuria, mapazia, na katoni ya matofali madogo ya plastiki, mekundu, meupe na ya buluu, yenye vinundu vya kushikanishia. Ndani ya katoni mlikuwa pia na magurudumu mekundu yenye ukingo, na picha ya gari la moshi kwenye kifuniko. Reli hazikuwamo. Mota haikuwamo. Shangazi alishuka Keroka na katoni ile kichwani, akatuletea bila kujua ni vitu gani. Nyanya yangu alichukua tofali moja akajaribu kujisugulia kisigino, akasema halina makali, mpeni mtoto.

Nami nikaunda. Lakini ujue jambo moja: kwetu hakuna reli, na gari la moshi nililijua kwa picha tu. Magari niliyoyajua mimi ni malori ya Keroka. Kwa hiyo nililiwekea langu usukani, tena mzuri, wa kifuniko cha chupa. Jirani yetu alikuwa mzee aliyestaafu kutoka Kisumu, ambako alichochea makaa kwenye magari ya moshi tangu ujana wake. Alikuja kuomba kaa la moto jikoni, akauona ule usukani, akacheka hadi akashika nguzo.

"Wewe mtoto, huo usukani unaupeleka wapi? Hili linafuata reli tu. Reli ikienda mtoni, nalo linaenda mtoni!"

Niliona haya mpaka masikio yakawaka moto. Nikaung'oa. Tangu siku hiyo mzee yule hakukosa kuja kukagua kazi, na kila akija aliondoka na kaa lake la moto na mhogo wa nyanya yangu juu yake.

Sasa sikia kilichoniingiza mashakani. Shule yetu ilikuwa ya Wasabato, na kila mwaka Jumapili moja ilikuwa siku ya wazazi. Wavulana walipanga vitu vyao kwenye meza ya sayansi, ile ile waliyofanyia kazi zao za mikono mwaka mzima. Sisi wasichana tulipanga vitambaa vya kufuma na maandazi. Vitambaa vyangu, sikufichi, vilikuwa aibu. Mwaka uliotangulia nilifuma ua, mama mmoja akausifu kwa kusema chura wangu ametokea vizuri. Nikamwendea mwalimu wa sayansi, mtu mrefu asiyecheka ovyo, nikamwambia nataka kukaa meza ya sayansi kwa sababu ninatengeneza gari la moshi.

"Meza hiyo ni ya vitu vinavyofanya kazi," alisema. "Gari lako likitoka mwanzo wa reli hadi mwisho, limebeba mzigo, mbele ya wazazi, utakaa pale na wavulana mpaka umalize shule. Likikwama, unarudi kwenye uzi na sindano, na sitaki kulisikia tena."

"Ndiyo, mwalimu," nikajibu. Mdomo ulikuwa umeshasema.

Mota niliipata kwa machozi. Tata, ndivyo tunavyomwita baba kwetu, alikuwa na mashine ya santuri ya betri iliyovunjika mkono, naye aliitunza juu ya kabati kama vile ingepona yenyewe. Nilimlilia siku tatu. Siku ya nne akaishusha, akaniambia, "Chukua, lakini usije ukaniambia ulikuwa unacheza." Niliitoa mota, nikakata ukanda mwembamba kwenye mpira wa ndani wa baiskeli, nikauzungusha kutoka kwenye mota hadi kwenye kigurudumu cha uzi nilichokibana katikati ya ekseli, kile kijiti kinachoshika magurudumu. Mara ya kwanza nilipounganisha betri, magurudumu yalizunguka kwa sauti ya nyuki mwenye hasira. Nilipiga kelele mpaka nyanya akatoka na mwiko.

Zilibaki reli. Mjomba wangu alikuwa mchongaji wa mawe ya sabuni kule Tabaka, mawe yale laini wanayotengenezea bakuli na sanamu za viboko. Mama alimtumia salamu, naye akachonga reli vipande vipande, kila kimoja urefu wa mkono, akavileta Ijumaa mchana kwa gunia. Ee Nyasae, Mungu wangu, zilikuwa nzuri! Nyeupe, zenye mishipa ya waridi, zimesuguliwa kwa msasa na maji, kisha zikapakwa nta zikang'aa kama kioo. Mjomba hakujua kuchonga kitu akakiacha bila kukisugua. Mikono yake ilikataa. Tulizipanga uani juu ya mbao, nikaweka gari na mabehewa yake yenye mzigo, nikaunganisha betri.

Magurudumu yakazunguka. Gari likasimama pale pale.

Nikalisukuma kidogo. Likajikokota upana wa kidole kimoja, likakwama, magurudumu yakizunguka bure juu ya nta. Mjomba alikuna kichwa. Jirani alichuchumaa akatazama, akasema, "Hii inateleza." Hilo hata mimi nililiona. Na jua lilikuwa linaelekea kuzama, na kwetu jua la Ijumaa likizama, Sabato imeingia: jembe linawekwa, sindano inawekwa, redio inazimwa. Mama alitokea mlangoni akasema neno moja tu, "Funga." Nikafunga katoni huku nalia waziwazi. Nilijua Jumapili asubuhi nitasimama mbele ya watu wote na gari linalocheza mahali pamoja, halafu uzi na sindano mpaka mwisho.

Sabato hiyo sikusikia mahubiri. Mungu anisamehe, nilikuwa nahesabu meno ya mzee wa kanisa na kufikiria nta. Tulipotoka mvua ilikuwa imenyesha, na njiani kwenye mteremko tukakuta pikapu imekwama kwenye matope, magurudumu ya nyuma yanazunguka tu na kuturushia uchafu. Dereva alitoa kichwa nje akapaza sauti, "Msisukume! Pandeni nyuma! Nataka uzito huku nyuma!" Wazee wa kanisa wakatazamana. Kisha Tata, na suti yake ya Sabato, akakunja suruali akapanda, wengine wakafuata, hata mama wawili wanene wakainuliwa huku wakicheka. Pikapu ikakaa chini, ikang'ata barabara, ikapanda.

"Uzito!" nikapiga kelele peke yangu kando ya barabara. Mama akanifinya. Lakini niliimba njia nzima hadi nyumbani.

Mimi, mwenzangu, nilikuwa nimejaza mzigo na betri kwenye mabehewa na kuacha injini na mota yake tu, nyepesi kama katoni. Jumapili kulipopambazuka niliifungua injini, nikashindilia ndani vipande vya mawe vilivyobaki kwenye gunia la mjomba, mpaka ikawa nzito mkononi. Nyanya alitoka kukamua, akauliza ninahangaikia nini. Nikamwonyesha zile reli zinavyoteleza. Alichukua jivu na mchanga, akakaa chini, akazisugua vile alivyosugua sufuria zake, kipande baada ya kipande, mpaka mng'ao wote ukaisha. Mjomba alipoamka akaona kazi yake, alishika kiuno. "Nani ameniharibia mawe?"

"Mimi," nyanya akasema. "Unataka yang'ae au unataka mtoto apite?" Mjomba akaenda kunawa uso.

Tata alisikiliza taarifa ya habari ya saa moja. Ilipokwisha, akafungua redio kwa nyuma, akatoa betri zote nne, zikiwa mpya, akanipa. Nilizipokea kwa mikono miwili.

Darasa lilijaa pomoni. Mwalimu aliweka mkono kwenye mwanzo wa reli na kunionyesha mwisho, hatua nane mbali, karibu na viti vya wazazi. Mabehewa matatu: moja majani mabichi ya chai, moja wimbi, moja ndizi tatu ndogo za kuiva. Nikaunganisha waya. Gari likatetemeka, likaanza kwenda, polepole, tak, tak, tak kwenye kila kiungo. Katikati kulikuwa na kiungo kilichoinuka kidogo. Injini ikafika hapo, ikasita, magurudumu yakazunguka mara moja, mbili. Nilimwona mwalimu akifungua mdomo. Halafu uzito ukashika, injini ikaruka kile kiungo, na behewa la chai, na la wimbi, na la ndizi.

"Twende!" Tata alikuwa amesimama juu ya benchi. Tata, ambaye kanisani hakuwahi hata kupiga makofi! Jirani akapiga mluzi wa gari la moshi kwa vidole viwili, watoto wakaitikia, na gari langu likafika mwisho, likagonga kiatu cha mwalimu mkuu na kuendelea kukisukuma. Nililia tena, ila hiyo ilikuwa namna nyingine kabisa ya kulia.

Mwalimu wa sayansi alingoja kelele zipungue. "Kesho," akaniambia, "usilete sindano."

Nyanya alishatutoka, na Tata, na jirani, na mjomba. Matofali yalipotea moja moja, mengine wadogo zangu waliyatia mtoni. Darasa lile limebomolewa, na meza ya sayansi, nasikia, ilichanwa kuni za kupikia uji wa shule. Mimi nilikuja kuwa fundi wa mashine katika kiwanda cha chai hadi nilipostaafu, na mashine nyingi zilinitii. Lakini siku ninayoitaka irudi ni Jumatatu ile. Niliingia nikakaa meza ya sayansi, wavulana wakaninunia, nikawanunia pia. Kisha nikainua macho, nikaona wasichana wanne wamesimama mlangoni na vitambaa vyao mkononi, wananitazama, hawathubutu kuingia.

Nikasogea kwenye benchi, nikawaambia, "Njooni, kuna nafasi."