Dirisha la Kulia

Mmenishikisha kalamu kama mtoto wa darasa la kwanza, eti niandike ya fundi saa. Midomo mnayo, lakini mkono wa kuchoka uwe wangu. Haya.

Fundi saa alikuwa na dada mmoja tu, mgonjwa wa moyo, mbishi kama kisiki, akiishi peke yake ng'ambo ya bonde. Kuhama hataki. Wakapatana: akiamka salama atundike kitambaa chekundu dirisha la kulia, akizidiwa, la kushoto. Kaka atatazama kwa darubini kuukuu ya baba yao.

Darubini ile huonyesha dunia kichwa chini miguu juu. Fundi alipochoka kupinda shingo, akafukua sandukuni vibomba viwili vya kunyoosha picha: kirefu chenye vioo vinene, na kifupi kilichopinda kama kiwiko, ndani kioo cha kujitazamia. Kifupi kikaingia bila kulazimishwa. Nyumba ikasimama wima! Kitambaa, kulia.

"Dada hajambo," akamwambia mkewe.

Siku ya pili, kulia. Ya tatu, kulia, na mkono mwembamba ukikinyoosha taratibu.

Mkewe akaomba naye achungulie. Akaielekeza kwenye bango la duka bondeni.

"Baba watoto, mbona herufi zinatazama nyuma?"

"Wewe na herufi mmejuana lini?"

"Za jina langu nazijua. Hizi zimenipa mgongo."

Fundi akatazama. Kioo husimamisha picha, lakini hugeuza kulia kuwa kushoto. Angekijaribu kwanza kwenye maandishi, angejua. Kitambaa kilikuwa kushoto siku zote tatu.

Alivuka bonde pekupeku. Mlango ulikuwa na komeo kwa ndani, akauvunja na majirani. Dada alikuwa sakafuni, chini ya dirisha la kushoto. Daktari akasema amekufa tangu siku ya kwanza.

"Tangu ya kwanza?" fundi akauliza. "Na mkono wa leo?"

 Wakamzika, na kitambaa chake mkononi.

Sasa fundi ametia kile kirefu. Bango linasomeka sawasawa. Nyumba imefungwa kwa kufuli jipya, ufunguo anao yeye. Na kila asubuhi kuna chekundu, dirisha la kulia.

Mkewe ameona. Nami nimeona. Ninyi mlionisumbua niandike, chukueni ufunguo kwake, mvuke bonde, mniletee jibu.