Kitambaa Chekundu Kwenye Kufuli

Nilikuwa napiga mswaki Jumatano asubuhi jirani aliponipigia simu kusema kwamba Inspekta wetu wa Temeke hatunaye. Alistaafu akiwa amechoka, na amekufa akiwa amechoka. Alasiri tukazika. Nilikaa chini ya turubai nikasikiliza watu wakimmwagia sifa: alikuwa mtu wa watu, hakuwa na makuu, alipenda haki. Nilikasirika, wasomaji wangu, kwa sababu karibu wote waliosema hayo niliwahi kuwaona wakijifungia ndani alipopita kutafuta mashahidi. Alikuwa akibeba majalada ndani ya kikapu cha sokoni cha mkewe, kwa kuwa kabati la ofisini kwake halikuwa na kitasa. Jalada la wizi, la ubakaji, la kiwanja kilichouzwa mara mbili, yote kikapu kimoja. Ukimuuliza kazi inaendaje, anakujibu kwamba Dar nzima imeona, ila hakuna aliyeona.

Jalada lililomnyima raha, hata baada ya kustaafu, lilikuwa la moto wa Chang'ombe. Kiwanda kidogo cha magodoro kiliungua mchana kweupe na binti mmoja mshonaji akafia ndani. Tulijua sote kwamba wafanyakazi wale walikuwa wakifungiwa kwa nje, eti wasiibe vipande vya sponji. Wengine walipenya dirishani, yeye hakuwahi. Mwenye kiwanda akaapa kwamba mlango ulikuwa wazi. Inspekta akapita nyumba kwa nyumba, na kila nyumba akaambiwa kwamba mambo ya mahakamani yana usumbufu, kwamba siku hiyo walikuwa kazini, kwamba aulize ng'ambo ya barabara. Huko ng'ambo ya barabara nilikuwa naishi mie. Nikamwambia nilikuwa nimelala.

Kisha nikafanya jambo ambalo hadi leo linanichefua. Nikaandika riwaya ya upelelezi. Ndani yake kuna inspekta mchovu, kuna moto, na kuna tajiri anayefungwa pingu ukurasa wa mwisho. Wasomaji walinisifu kwa ujasiri, nami nikazipokea sifa zenyewe bila haya. Inspekta aliinunua, akaisoma yote, akaja kwangu nayo ndani ya kile kikapu. Nilimwandalia chai. Akaniuliza taratibu, "Bwana mwandishi, hiki kitambaa chekundu kwenye kufuli umekitoa wapi?"

Nikamjibu kwamba nimekibuni.

Alikunywa chai yake hadi ikaisha. Ndipo akanieleza kwamba mlinzi wa kiwanda alimtajia kitambaa hichohicho, na jinsi alivyolifungua kufuli kwa kuchelewa akalitupa mtaroni. Kabla hajaandika maelezo, mlinzi akatoroshwa kwenda kwao bara, asipatikane tena. Jambo hilo Inspekta hakuwahi kumwambia mtu. "Kwenye kitabu umenisaidia kumkamata," alisema. "Nisaidie na huku nje." Nikaahidi kufika kituoni Jumatatu. Sikufika. Nyumba niliyopanga ilikuwa ya shemeji wa yule mwenye kiwanda, na mie nikaona heri kulala pazuri. Inspekta hakunifokea wala kuniburuza. Kila tulipokutana alinisalimu vizuri tu, na salamu ile ilinichoma kuliko tusi.

Tunawasema sana polisi, na mengine wanastahili kabisa. Lakini huyu mmoja aliyetaka kufanya kazi tulimwacha peke yake, tena sisi wenyewe tunaolalamika kila siku kwamba haki imekufa. Tunataka mhalifu afungwe bila majina yetu kuandikwa popote. Huo ni uoga, na mie nimeupamba kwa jalada zuri na kuuuza madukani.

Tulipokuwa tunatawanyika msibani, mama wa yule binti alinishika mkono. Nikamwamkia. Hakujua lolote kuhusu kufuli; alinijua tu kama rafiki wa marehemu. "Mwanangu," akasema, "sasa jalada la binti yangu litashikwa na nani?"

Jana nimekwenda kituoni. Askari wa kaunta akaniuliza shida yangu, nikamwekea kitabu mbele yake na kufunua ukurasa wa kufuli. Nikamwambia aandike jina langu kamili, na aandike kwamba hapa niliposema nimebuni, nilikuwa nimesimama dirishani kwangu naangalia.