Salamu ya Nahodha Masoud

Siku ile nilikuwa nakuna nazi, na mume wangu Masoud kakaa kibarazani na kahawa yake, ananitania.

“Mama Asya, nazi za Yemen hazina tui, zina maneno tu.”

“Basi rudi kwenu Malindi ukale za huko!”

Tukacheka. Sote wawili watoto wa Unguja mjini, yeye wa mtaa wa Malindi. Kule Yemen tulikwenda alipoajiriwa kuongoza boti za doria za bandari. Ya Rabi, namna nilivyokipenda kile kibaraza!

Haikupita wiki, vita vikatufika. Meli za adui zikafunga mlango wa bandari. Unga ukaadimika, dawa zikaisha, na Masoud akaanza kupenya. Manahodha wengine walijaribu usiku wakapigwa. Yeye alitoka mchana kweupe, maji yamekupwa, akapita katikati ya miamba ambamo meli kubwa haziingii. Alitoka na wagonjwa na watoto, akarudi na unga. Watu wakawa wanapanda madarini kumtazama, wanawake wanapiga vigelegele. Mimi nikipanda nimefumba macho.

“Huogopi, we mwanamme?”

“Zamani za kale kulikuwa na amiri mmoja wa Kartago, mji wa Afrika ya Kaskazini,” akanambia. “Warumi wamezingira bandari, naye anawapita mbele ya macho yao.”

“Mwisho wake?”

“Waliteka chombo kama chake, wakamfukuzia nacho.” Akacheka. “Mie si Mkartago, bibi. Mie mtoto wa Malindi.”

Safari ya mwisho ilikuwa ya kututoa sisi: mimi, binti yetu Asya, na majirani na watoto wao. Alishaniahidi kuwa tukifika salama harudi tena. Kila sala niliomba hilo tu, tutoke sote watatu.

Miamba tulishaipita nusu, ikatokea boti nyengine ya doria, pacha ya yetu. Boti ile ilikuwa ya kijana ambaye Masoud mwenyewe alimfundisha kazi, na tangu vita kuanza habari zake na za boti yake zilikuwa zimepotea. Uso wa Masoud ukakunjuka. Kwetu humpiti mtu bila ya salamu, seuze mwanafunzi wako uliyekwisha mlilia. Akapunguza mwendo, akainua mkono.

“Asalaam aleikum!”

Hawakuitikia.

Niliona bunduki kabla ya nyuso. Nyuso zilikuwa ngeni, za adui.

Akakata usukani, akaipandisha boti ubavuni mwa mwamba, maji ya kiunoni.

“Shukeni! Mchukue mtoto!”

“Na wewe?”

“Nnakuja.”

Akarudi nyuma na boti tupu, wakamfuata yeye. Sisi tukakimbilia pwani kwa miguu, risasi zikilia upande ule. Kisha moshi.

Hakuja.

Sasa niko Mji Mkongwe na Asya wangu. Watoto walioshuka siku ile wote wazima, na kila Sikukuu ya Idi hawaachi kunipigia simu. Wako wanaosema kosa lake ile salamu, na kisa cha Kartago akikijua. Wengine hunishika mkono Darajani wakanambia, “Bi Zuwena, mumeo kafa muungwana.” Nawaitikia. Wote wamesema kweli, na kwa wale watoto namshukuru Mungu.

Lakini mkiniuliza mimi mkewe, ningelimtaka awapite kimya, mji mzima umseme hana adabu, nami nigombane na kila mtu kwa ajili yake, kisha nirudi nyumbani nimkute.