Tezi Iliyonyanyuka

Bandarini walimwita Mama Futi, naye hakuchukia. Alipima mashua za tanga kabla ya mashindano. Mashua hukimbia kwa urefu wa mwili wake unaogusa maji, si ule unaoonekana kwa mtu aliyesimama gatini. Kila chombo kikikimbia huzua wimbi lake, na kile kifupi hunaswa mapema ndani ya wimbi hilo, kama mtu apandaye kilima kisicho na kilele. Ndiyo maana kanuni ilitaka kirefu kikifidie kifupi kwa dakika.

Asubuhi hiyo maji yalitulia kama mafuta sahanini. Nahodha wa mashua ya mwisho alikuwa kitinda mimba wa kwao Mama Futi, ambaye Mama Futi mwenyewe alimbeba mgongoni utotoni. Alikuwa amekaa bila kazi muda mrefu. Mwenye mashua alikwisha kumwambia: ukishinda, usukani ni wako, ukishindwa, tuagane.

Mama Futi alipiga kasia, akasogeza kihori chake ubavuni mwa mashua, akasita. Omo, sehemu ya mbele ya mashua ile, ilisimama wima kama ukuta, lakini tezi, yaani nyuma, ililala mshazari, na leo ilikuwa imenyanyuka ikaacha maji. Mwanga ulipita chini yake.

“Umetia nini huko mbele?”

“Hewa, dada. Pima tu, jua linapanda.”

Nahodha alicheka peke yake. Mabaharia wake wawili waliokuwa gatini walitazama viatu vyao.

Mama Futi akapanda, akafungua kifuniko cha omo. Mnyororo mzima wa nanga ulikuwa humo, na madumu ya maji juu yake. Vipimo vikiisha, mzigo ungerudishwa katikati, tezi ingeshuka majini, na chombo kilichopimwa kifupi kingeshindana kikiwa kirefu, na dakika za bure juu.

Mdogo wake alichuchumaa, akashusha sauti. “Wanangu wanalala kwa mama mkwe, dada. Wajua mwanamume anavyokula chakula cha pale?”

Alijua. Alijua pia manahodha wengine walivyomwamini, wakimpa migongo yao akipima, bila hata kugeuka kutazama.

“Kuenda tezi na omo, marejeo ni ngamani,” akasema. “Rudisha mnyororo wako katikati. Ukiurudisha mwenyewe, mimi nimekuta mashua ilivyo. Ukikataa, nawaita manahodha wenzako waje waone.”

Mdogo wake akainuka, akaondoa madumu. Kisha akaanza kuvuta mnyororo kuelekea katikati. Pingili ziligonga mbao moja moja, na tezi ikashuka kidogo kidogo mpaka maji yakailamba.

Mama Futi alipima mara mbili. Shibiri tatu zaidi ya pale tezi ilipokuwa juu. Mwenye mashua alikuja gatini akauliza urefu, Mama Futi akautaja. Bwana yule akamtazama nahodha wake.

Mdogo wake akamshika mkono kumteremsha kihorini, kwa adabu, kama amshikavyo mgeni.

“Ahsante, mpimaji,” akasema.

Mama Futi akapiga kasia kurudi, akigeuza uso upande mwingine, mdogo wake asiyaone macho yake.