Kitanda Changu cha Mninga

Mama alikuwa na nyumba ya wageni ya vyumba viwili, Ujiji, juu kidogo ya ziwa. Wazungu waliokuja kutazama sokwe walipenda kulala kwetu kwa sababu ya kichaka cha nyuma ya nyumba. Asubuhi walikunywa chai wakiangalia tumbili. Mama alikilinda kichaka kile kuliko alivyotulinda sisi watoto, na hilo nalisema bila kinyongo, au kwa kinyongo kidogo tu.

Vita vya nchi jirani vilipoleta wakimbizi kwa maboti, wageni wa sokwe wakakatika. Kuni nazo zikaadimika. Vilima vya kuelekea Simbo vikabaki vipara. Masika moja akaja mama wa Kirundi, aliyehifadhiwa kwa jirani yetu, kichanga mgongoni na panga mkononi.

"Mwaramutse, mama. Naomba mti mmoja tu. Kuni zimelowa, maharage hayaivi."

Mama alimtazama yule mtoto. "Nikikupa wewe, kesho wenzako nitawaambia nini? Na wageni wakirudi, waje kuangalia visiki?"

Nikajua amekataa. Lakini aliingia ndani, akatoka anaburuta kitanda cha wageni, akaniagiza shoka.

"Hiki fundi anakichonga siku mbili," akasema. "Miti ile hakuna fundi wake."

Baada ya siku kadhaa kikatoka cha pili. Baba akauliza kama meza ya kulia ipo salama. Kisha kikatoka changu, cha mninga, nilichochongewa nilipofaulu kwenda sekondari. Nililia mbele ya yule mama, makusudi, ili anione. Nikalala mkekani, nikanuna mpaka mvua zikaisha.

Miaka ikapita. Kwao kulipotulia, alikuja kutuaga. Mtoto alikuwa anakimbia sasa, amekumbatia kipande cha mbao kilichong'aa kwa kushikwashikwa. Mama yake akamwomba taratibu, akanipa mimi. Ulikuwa mguu wa kitanda changu.

"Huu sikuuchoma," akaniambia. "Nilikuona ulivyolia, mwanangu."

Niliona aibu ambayo sijaimaliza hadi leo.

Wageni wamerudi, na tumbili bado wapo. Kitanda changu cha sasa kina miguu mitatu ya msonobari na mmoja wa mninga. Fundi alitaka kuubadilisha ili yote ifanane. Nilimkatalia.