Upande wa Kushoto wa Sahani ya Bibi

Baba yangu alikuwa fundi wa lifti. Kwa miaka thelathini na moja aliingia na kutoka kwenye majengo ya watu, begi la vifaa begani na tochi mfukoni, na kazini walimwita Ramli, kwa sababu aliitaja hitilafu kabla hajafungua hata skrubu moja. Lifti ikikwama, wenzake hukimbilia chumba cha mashine kule juu ya paa. Yeye husimama chini mlangoni, akatega sikio, akamuuliza mlinzi maswali mawili matatu, kisha akasema, "Swichi ya mlango. Ghorofa ya tano." Wakipanda, kweli, swichi ya mlango, ghorofa ya tano. Sijawahi kumwona akipata raha kama ile kwa jambo jingine lolote.

Nayasema haya mapema ili msimdhanie vibaya. Hakuwa mkali. Alitusuka nywele Mama akiwa kazini, vibaya sana, lakini alitusuka. Kasoro yake ilikuwa moja tu: hakuweza kuvumilia kumwona mtu anahangaika kutafuta kitu ambacho yeye ameshakipata.

Tulikuwa watano nyumbani, ghorofa ya nne, vyumba vitatu na jiko dogo ambalo watu wawili wakiingia mmoja lazima arudi kinyumenyume. Baba, Mama, Bibi mzaa baba, mimi, na mdogo wangu tuliyemwita Kidoti kwa ajili ya doa jeusi lililokuwa chini ya jicho lake. Mama alifanya zamu ya jioni kwenye kiwanda cha kufulia mashuka ya hoteli, kwa hiyo chakula cha jioni kilikuwa mikononi mwa Baba. Mimi nilikuwa na miaka tisa. Kidoti alikuwa na sita.

Mwaka huo shangazi alikuja kututembelea akiwa na boksi chini ya kwapa. Ndani mlikuwa na mchezo wa mezani uitwao Kengele Imepotea. Kengele ya shule imeibwa, washukiwa ni wanyama kumi na wawili, kila mmoja kwenye kadi yake: mwenye kofia, mwenye viatu, mwenye miwani, mwenye mkia uliofungwa utepe. Unatumbukiza kadi ya swali kwenye kisanduku chenye tundu, na kijilango kinafunguka, kijani au chekundu. Mwizi ana kofia? Kijani. Basi wote wasio na kofia wanaondoka mezani. Wakati huohuo wingu la mbao linasogea hatua moja kwenda mlimani, na likifika kabla hamjamtaja mwizi, mvua inanyesha na mmeshindwa wote. Hakuna mshindi peke yake. Mnashinda pamoja au mnashindwa pamoja, na ndiyo maana shangazi aliuchagua. "Hawa hawatagombana," alisema.

Kweli hatukugombana. Baba alishinda kila mara.

Naandika "Baba alishinda" ingawa mchezo haukuwa na nafasi ya mtu kushinda. Tulikuwa tunacheza baada ya chakula, Bibi akiwa kwenye kiti chake cha mikono, na Baba akishapata majibu matatu tu tayari ameshafika. Mimi nilijifunza haraka kumfuata. Niliona anakotazama, nikawahi kusema, akanisifu. Kidoti alikuwa na namna yake. Aliokota kadi moja, akaitazama mpaka unasinzia, akaizungusha, akaitazama tena. Aliweza kugundua kwamba nyumbu na kondoo wana viatu vya rangi moja lakini vya kondoo havina kamba.

"Mwanangu, wingu linakwenda," Baba alimwambia.

"Namwangalia kondoo."

"Kondoo hayumo. Ana miwani. Tumeshaambiwa mwizi hana miwani." Akaichukua kadi mkononi mwake taratibu, kwa upole kabisa, akaiweka pembeni. "Haya, sema fisi."

"Fisi," alisema Kidoti.

Kijilango kikafunguka, kijani, tukapiga makofi. Ndani ya kifuniko cha boksi Baba alichora kijistari kwa kila ushindi. Vilifika arobaini na vitatu. Mama aliviona siku moja ya mapumziko yake, akauliza, "Huu mchezo, baba Kidoti, unacheza na nani?" Baba akacheka. Nami nikacheka, maana nilikuwa upande wa washindi.

Baada ya muda Kidoti akaacha kushika kadi. Kazi yake ikawa kusogeza wingu. Ukimuuliza anamshuku nani, anajibu, "Baba anajua."

Basi, Bibi akaanza kubakiza chakula. Kila jioni nusu ya sahani inarudi jikoni. Baba alipunguza chumvi, akaongeza chumvi, akamsagia nyama. Kisha akakaa mbele yake akamtazama anavyotafuna, na nikaiona ile raha ikimjia usoni.

"Meno," alisema. "Mama, jino linakuuma."

"Haliniumi," alisema Bibi.

"Linakuuma, ila umeshalizoea. Unatafunia upande wa kulia tu."

Wiki hiyohiyo, nikiwa naosha vyombo na Baba anavifuta, Kidoti alikuja akasimama mlangoni mwa jiko, mahali ambapo hamzuii mtu.

"Baba, Bibi anakula upande mmoja."

"Najua, mama. Ni meno. Tumeshapanga siku ya kwenda kwa daktari wa meno."

"Siyo mdomo. Sahani. Na mimi nikiizungusha sahani..."

"Usichezee chakula cha bibi yako."

Kidoti akageuka. Alinitazama mimi. Nilikuwa na sufuria mkononi, na ninakumbuka nilichokisema, kwa sababu nimekuwa nikikikumbuka tangu hapo. Nilisema, "Husikii? Ni meno."

Daktari wa meno alimwona Bibi mara mbili. Mara ya kwanza alisafisha, mara ya pili aling'oa jino ambalo, alisema, kwa kweli lingeweza kusubiri. Walipokuwa wanarudi, asubuhi kweupe, Baba alitembea kulia kwa Bibi amemshika mkono. Walipofika kwenye kona ya duka la mikate, Baba alisimama kumruhusu mwenye baiskeli apite. Baiskeli ilikuwa inatokea kushoto, mwendeshaji amepiga kengele, watu wote pale kona wamesikia. Bibi akachomoa mkono akapiga hatua barabarani kana kwamba barabara ni tupu. Gurudumu lilimgonga pajani. Mwendeshaji alikuwa analia kuliko Bibi.

Mama alitupeleka hospitali mchana. Tulimkuta Baba kwenye benchi la korido, shati limechomoka, bado ameshika kifuko kidogo cha pamba walichopewa kwa daktari wa meno. Nyonga ilikuwa imevunjika. Daktari, mwanamke kijana mwenye sauti ya kuchoka, alitoka akasimama mbele yetu.

"Mzee wangu, kuna jambo jingine," alimwambia Baba. "Mama yako alipata kiharusi. Siyo leo. Wiki sita zilizopita, pengine zaidi. Kidogo, lakini kimemwondolea upande wa kushoto."

"Anatembea," alisema Baba. "Mkono anauinua. Anaona."

"Macho yanaona. Ila akili yake imeacha kuuhesabu upande huo. Kwake yeye kushoto hakupo. Hamkuona dalili yoyote nyumbani? Kubakiza chakula upande mmoja wa sahani? Kujigonga milangoni?"

Aliyejibu alikuwa Kidoti, kutoka pajani kwa Mama.

"Nikiizungusha sahani, anakula tena," alisema. "Anamaliza yote. Na chanuo, hachani huku. Na kandambili moja anaivaa, nyingine anaiacha palepale. Na mlango wa bafuni anaugonga kwa bega hili. Na nikikaa huku haniitikii, nikihama nikakaa huku ananiitikia."

Daktari alichuchumaa mbele yake. "Umeona yote hayo wewe?"

Kidoti akatikisa kichwa kukubali. Hakuwa anajivuna. Alikuwa anasoma kadi.

Baba alisimama akamgeukia. Sauti yake ilitoka juu kuliko alivyokusudia. "Kwa nini hukuniambia, mwanangu?"

"Nilikuambia," alisema Kidoti. "Ukasema ni meno."

Hakulisema kwa hasira. Alilisema kama mtu anayetajiwa saa naye akarekebisha dakika. Mama alimfunika kichwa kwa kiganja, akatazama pembeni. Baba alikaa. Wauguzi walipita na kitanda cha magurudumu ikabidi tuinue miguu, na yeye hakuinua yake mpaka alipoambiwa mara ya pili.

Bibi hakutembea tena. Daktari alisema kwamba kama angeanzishiwa dawa mapema, labda baiskeli ile angeiona, na labda kiharusi cha pili, kilichokuja miezi saba baadaye na kumchukua, kisingekuja. Alisema "labda" mara zote mbili, na kwa uaminifu. Baba alilichukua neno lile akaenda nalo nyumbani. Nilimsikia akimwambia Mama, "Angesema hapana, ningelala. Angesema ndiyo, ningelala pia, baadaye."

Katika miezi ile saba alimlisha Bibi kwa mkono wake. Alikaa kulia kwake, alikojua anaonekana, na alipofika nusu ya sahani aliizungusha. Kidoti akiwepo, Baba alimwomba aizungushe yeye. Kidoti aliizungusha, akarudi kwenye mambo yake.

Baada ya maziko ndipo Baba alipolitoa lile boksi. Alikuwa anataka kulirudisha kwa shangazi, nadhani, au kulitupa. Chini kabisa alikuta karatasi ya maelezo ambayo siku ya kwanza aliipitia kwa macho tu, kama anavyopitia karatasi za lifti. Kanuni ya sita ilisema kwamba kabla ya kumtaja mwizi, mchezaji mdogo kuliko wote ataulizwa ameona nini, na hakuna atakayemkatiza mpaka amalize. Alinisomea. Kisha akasema, "Niliiona hii. Nikasema itatuchelewesha."

Alijaribu, msije mkasema hakujaribu. Jumamosi moja alipanga kadi zote kumi na mbili mezani, akamwita Kidoti, akakaa juu ya viganja vyake kama mtoto anayeadhibiwa. Tukauliza maswali matatu. Nilijua ni kiboko, na nilijua Baba anajua.

"Wewe unaonaje?" alimuuliza Kidoti.

"Sijui."

"Tazama tu. Hatuna haraka."

Kidoti alimtazama yeye, siyo kadi. Alimtazama vilevile alivyokuwa akimtazama kondoo, mpaka Baba akaanza kupepesa macho.

"Umeshajua," alisema. "Unajifanya."

"Sijui, kweli."

"Unajua, Baba. Sema tu."

Baba alisema kiboko. Kijilango kikafunguka kijani, na hakuna aliyepiga makofi. Alijaribu tena mara kadhaa mwaka ule, na michezo mingine ya namna hiyo pia, ya kutafuta hazina pamoja, ya kumtafuta paka pamoja. Kidoti alikuja kila alipoitwa. Alicheza kwa adabu. Akishakuwa peke yake na mwenzake wa ghorofa ya pili, nilimsikia kupitia ukuta anaongea bila kituo, anashuku, anabadili mawazo, anacheka.

Amekua mtu mzima sasa. Anafanya kazi kwenye kituo cha utafiti wa mbegu, mwendo wa saa nne kutoka kwa wazazi. Siyo kwamba hawaelewani na Baba. Anapiga simu, anamwamkia, anamuuliza hali ya mgongo. Ila mambo yake hutufikia yakiwa yameshakwisha. Tulijua amebadili kazi alipokuwa ameshahamia. Tulijua amefanyiwa upasuaji mdogo nyuzi zikiwa zimeshatolewa. Hata mchumba wake tulimjua pamoja na tarehe. Kila mara Baba hunipigia mimi. "Kidoti amekuambia nini?" huniuliza. Mara nyingi sina cha kumwambia. Nami pia siambiwi, na sababu naijua.

Mwaka jana Baba alitolewa mtoto wa jicho, na Kidoti akaomba likizo akaja kukaa naye siku kumi. Alimtia matone ya dawa asubuhi, mchana na jioni. Siku ya saba, Baba amelala chali na kitambaa kimefunika jicho moja, akamwambia. Alikuwa ameyabeba maneno hayo miaka ishirini na mbili. Alimwambia kwamba siku ile jikoni alipaswa kuweka chini kile kitambaa cha vyombo na kumsikiliza, na kwamba hakuna siku iliyopita bila kulifikiria hilo, na kwamba anaomba amsamehe.

Kidoti alikuwa anafunga kichupa cha dawa. Alimaliza kukifunga.

"Baba," alisema, "nilikuwa na miaka sita. Sikumbuki vizuri."

Akamwambia asigeuze kichwa kwa dakika tano, akaenda kutia chai.

Baba alinipigia jioni ile Kidoti akiwa ameteremka dukani. Alinieleza yote, neno kwa neno, kisha akaniuliza, kama ningeweza kujua, kama kweli hakumbuki au alikuwa anamhurumia. Alisema alimtazama usoni kwa lile jicho moja na hakuambulia kitu. Nilitaka kumpa jibu. Nilikuwa nalo tayari ulimini. Nikamwambia sijui, amuulize mwenyewe.

"Siwezi," alisema. "Nitamuulizaje?"

Hatukukata simu, kila mtu na kwake, mpaka niliposikia mlango wa kule unafunguliwa na Baba akasema haraka, kwa sauti ya chini, kwamba amerudi.