Mbwa Aliyemhamisha Maman Furaha

Siku yangu ya kwanza kazini, mkurugenzi wa kituo cha mbwa waliotelekezwa alinipa buti, ndoo na brashi, kisha akaniuliza kama naogopa mbwa. Nilisema hapana, nikarudi nyuma hatua moja. Kwetu Buyenzi, Bujumbura, mtoto wa Kiislamu hufunzwa kumkwepa mbwa. Hapa Brussels mke wangu aliniwekea beseni la maji na nguo safi mlangoni. Kabla ya kuoga, sebule niliiona kwa macho tu.

Mkurugenzi alikuwa mama mkali lakini mwenye haki. "Issa, sura isikudanganye," aliniambia. "Angalia mkia, masikio na mwili." Alinifundisha jaribio la tabia: mbwa akiwa anakula, unaingiza kwenye bakuli mkono wa plastiki uliofungwa kwenye fimbo. Anayeung'ata anahitaji mafunzo. Anayesogea akupishe, huyo ni mtu wa watu.

Halafu baadhi ya komyuni, yaani halmashauri za mitaa, zikapiga marufuku aina fulani za mbwa, wale wenye vichwa vipana na vifua vya wapiganaji. Wazalishaji hawakuacha biashara. Waliwaita watoto wa mbwa hao machotara, wakawauza kichinichini bila chipu, ile punje ya utambulisho inayowekwa chini ya ngozi. Wenye mbwa nao, wakipata onyo, waliwafunga kwenye uzio wetu na kutokomea. Vizimba vikajaa mbwa wapole ambao kosa lao lilikuwa sura. Iliniudhi, na bado inaniudhi.

Bosco alikuwa mmoja wao. Mkono wa plastiki aliulamba. Alikaa kizimbani mpaka akaanza kukataa chakula, na daktari wa mifugo akatuambia waziwazi kwamba asipopata nyumba, majonzi yatamuua.

Ndipo akaja Maman Furaha wa Bukavu, mtunza wazee, akampenda papo hapo. Nikamweleza kwamba komyuni yake imekataza mbwa wa aina ile.

"Papa Issa, bale batu ba komyuni banamujua?"

"Hawamjui. Wanajua aina yake tu."

"Bon, alors nitahama. Nyumba ziko mingi. Imbwa kama hii iko moya."

Nilidhani anatania. Baadaye akarudi na anwani mpya, komyuni ya Ixelles, ambako Bosco aliruhusiwa, ila barabarani avae kifunga mdomo. Kwetu anayehama hahami peke yake, kwa hiyo kwaya nzima ya kanisa lake ilikuja kubeba magodoro na sufuria, nami nikamleta Bosco. Walipomkuta Bosco amekaa kwenye ngazi, wakatua mizigo chini, wakaanza kuimba kwa mbali, wakimwogopa.

"Munakuya kubeba ao kuimba?" Maman Furaha akafoka. "Papa Issa, shika imbwa!"

Nikamshika kamba, wakapita. Siku ile nilifurahi kuliko siku niliyopata karatasi za ukaazi.

Sasa nimestaafu. Marufuku hayajaisha, na vizimba bado vina wenyewe. Jumapili, Maman Furaha akiwa zamu, namtembeza Bosco kwenye barabara ya Chaussée d'Ixelles, polepole, maana sote tumezeeka. Wapo wanaovuka barabara wakituona. Nawaambia bonjour, nao wakishavuka, mimi na Bosco tunabaki na njia nzima.